Kompyuta yako imezeeka kweli, au inahitaji fundi tu? Pima kabla hujagusa mtaji

Leo tuongelee kitu kinachokula hela za wauzaji wengi kimya kimya: ile laptopu ya kazi.

Nianze na kosa langu. Laptopu yangu ilikuwa nzito balaa. Unaiwasha, unaenda kuchemsha chai, unarudi bado inazunguka. Nikachoka, nikachukua hela ya mzigo wa Idi nikanunua nyingine. Ile ya zamani nikampa mdogo wangu. Fundi akaibadilishia diski na kuiongezea RAM, ikawa inawaka haraka kuliko ile "mpya" yangu! Wenzangu wakauza sikukuu, mimi nikabaki naangalia.

Lakini kuna kosa la upande wa pili pia. Jirani yangu wa dukani alisikia diski inagonga tik-tik, akasema "itavumilia". Haikuvumilia. Daftari lote la wateja wanaodaiwa liliondoka nayo, na hadi leo kuna watu wanapita na hela yake.

Kwa hiyo swali siyo "ina miaka mingapi?" Swali ni "inakwama wapi, na kutibu ni bei gani?"

*1. Tafuta inapokwama*
Fungua vitu vyako vya kila siku: WhatsApp, Instagram, hesabu zako, picha za bidhaa. Ikianza kuganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Angalia sehemu tatu: CPU, Memory na Disk. Ile inayokaa juu karibu na 100% muda mrefu ndiyo inayokuchelewesha.

*2. Disk ndiyo iko juu?*
Ingia kwenye Performance, uone imeandikwa HDD au SSD. HDD ina sahani inayozunguka ndani, kila faili inabidi litafutwe. SSD haina kitu kinachozunguka, ndiyo maana ina kasi kubwa. Kama unatumia HDD, usinunue kompyuta kwanza. Weka SSD, utashangaa. Na kama HDD inagonga au mafaili yanagoma kufunguka, usisubiri kesho: hamisha kumbukumbu zako leo leo.

*3. Memory ndiyo iko juu?*
Hiyo ni RAM. GB 4 siku hizi ni ndogo kwa mtu anayefungua kurasa kumi kwa wakati mmoja. GB 8 inatosha biashara nyingi ndogo. Muulize fundi kwanza kama yako inaongezeka, maana laptopu nyembamba nyingine RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki.

*4. Betri, chaja, kibodi, feni*
Hivi ni vipuri tu. Betri kufa siyo kompyuta kufa. Ikipata moto sana, mara nyingi ni vumbi kwenye feni, fundi anasafisha.

*5. Uzee wenyewe upo hapa*
Kompyuta inazeeka kweli pale programu zinapoitupa mkono. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft waliweka nafasi ya kujiandikisha upate mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Windows 7 ndiyo usiseme: Chrome toleo la 109, la Januari 2023, lilikuwa la mwisho kwake.

Inatuhusu nini? Sisi tunaingia humo kwenye akaunti za duka, barua pepe, hata benki. Mashine isiyopata masasisho ni kama duka lenye kufuli bovu. Leo haliibiwi, lakini mwizi akishajua udhaifu wake hakuna anayekuja kulirekebisha.

Je, yako inapanda Windows 11? Kwa Intel, nyingi zinazokubalika ni kuanzia kizazi cha 8. Soma namba baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7200U ni cha 7. Inatakiwa pia iwe na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kuna programu ya bure ya Microsoft inaitwa PC Health Check, inakupa jibu lenyewe.

*6. Piga hesabu kama mfanyabiashara*
Kanuni ninayotumia: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kompyuta nyingine inayofaa, acha. Tuseme fundi anataka 120,000 na nyingine nzuri ya mtumba ni 450,000. Kama yako inapanda Windows 11, tengeneza. Fundi akisema 300,000, au bodi ndiyo imekufa, usiilambe lambe. Agana nayo.

Hesabu na muda pia. Ukipoteza nusu saa kila siku kusubiri, kwa siku 26 za kazi ni saa 13 kwa mwezi. Hizo ni oda ngapi hujajibu? Mteja wa mtandaoni hasubiri, anahamia kwa jirani.

*7. Ukiamua kununua ya mtumba*
Usidanganywe na "Core i5" peke yake, uliza kizazi. Dai SSD na angalau RAM ya GB 8. Iwashe ukiwa hapo hapo, ichomoe chaja ukae nayo nusu saa, jaribu kila kitufe, kamera, Wi-Fi na matundu ya USB. Chukua risiti yenye muda wa dhamana ulioandikwa.

*8. Kabla hujauza ya zamani*
Hamisha picha na hesabu kwanza. Google Drive inakupa GB 15 bure. Toka kwenye WhatsApp na akaunti zote, kisha ifute kabisa kwa "Reset this PC", chagua "Remove everything". Usimuuzie mtu laptopu pamoja na wateja wako!

Hata kama yako bado nzima, fanya kitu kimoja leo jioni ukifunga hesabu: nakili daftari la wateja na madeni uliweke sehemu ya pili. Kompyuta nyingine utanunua, ila nani anakudai na nani unamdai huwezi kununua popote.

Mtumie mwenzako ambaye laptopu yake inawaka kwa dua. Biashara njema!