Nyumba ya Mzee Imebaki: Iwekeeni Hesabu Kabla ya Kuuza au Kugawana

Wakati wa matanga hakuna shilingi inayopotea. Kila jioni mweka hazina anasoma kwenye kikundi cha WhatsApp: fulani ametuma elfu mbili, wa Nairobi wameleta elfu arobaini, jeneza limegharimu hivi, hema na viti hivi, salio ni hili. Binamu aliyetuma mia mbili anaona jina lake. Hata pesa ya mkaa inaandikwa.

Kisha mzee anazikwa, hema zinarudishwa, watu wanapanda matatu. Nyumba inabaki. Nyumba hiyo ina thamani kuliko michango yote ya mazishi, lakini haina mweka hazina, haina daftari, haina kikao. Mwaka ukiisha, ndugu wawili hawasalimiani.

Leo tunaongea na wateja wetu walio kwenye hali hiyo. Tumechagua Suam, kule mpakani mwa Trans Nzoia na Uganda, kwa sababu huko jambo hili lina haraka yake. Lami kutoka Kitale kupitia Endebess imefika mpakani, na ng'ambo ya mto barabara inaendelea hadi Kapchorwa. Ploti iliyokuwa ya mahindi sasa inatazama barabara kuu. Mnunuzi anakuja kabla udongo wa kaburi haujakauka, na anakuja na simu mkononi.

Tuchukue familia ya mfano

Tuseme mama alitangulia, na sasa mzee ameenda akiacha watoto wanne. Kaka mkubwa yuko Nairobi. Dada anayemfuata ndiye aliyebaki Suam akimuuguza mzee. Wa tatu ameolewa Bungoma. Kitinda mimba anaendesha bodaboda Kitale. Mzee ameacha nyumba ya mawe na vyumba vitatu vya kupangisha mbele ya barabara. Hakuandika wosia.

Mnunuzi amesema Sh2,400,000. Na yuko tayari kutuma Sh200,000 kwa simu ya kaka mkubwa leo jioni, "ya kushika ploti".

Kaka apokee? Hapana. Wacha tueleze kwa nini.

Nyumba bado iko kwa jina la mzee

Kwa sheria ya urithi ya Kenya, Sura ya 160, mtu hana ruhusa ya kuuza wala kugawa mali ya marehemu kwa sababu tu yeye ni kifungua mimba. Kujiingiza kwenye mali hiyo bila idhini ni kosa, na adhabu yake ni faini ya hadi Sh10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Zaidi ya hiyo adhabu, utatakiwa kutoa hesabu ya ulichochukua.

Njia iliyonyooka ndiyo hii. Mnatafuta cheti cha kifo. Mnaenda kwa chifu awape barua inayotaja warithi wote. Mnapeleka ombi mahakamani, na kwa mali ya kiasi cha kawaida mahakama ya hakimu, kama ile ya Kitale, inaweza kulisikiliza. Tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Msimamizi wa mirathi anapewa hati yake. Kwa kawaida miezi sita baadaye anarudi mahakamani kuithibitisha. Kabla ya hati kuthibitishwa, hata msimamizi mwenyewe haruhusiwi kuuza nyumba wala shamba.

Nani anapata nini? Kama hakuna wosia na wazazi wote wawili wameenda, watoto wanagawana sawa. Wa kike sawa na wa kiume, aliyeolewa sawa na asiyeolewa. Yule dada wa Bungoma hatolewi kwenye orodha eti kwa sababu alilipiwa mahari. Kama mama angekuwa hai, angekuwa na haki ya kukaa na kufaidika na nyumba hiyo maisha yake yote, na watoto wangesubiri. Familia za Kiislamu zina njia yao kwa sheria ya Kiislamu, kupitia mahakama ya Kadhi.

Mambo mawili ya huku kwetu

La kwanza: angalieni karatasi ya shamba. Sehemu kubwa ya Trans Nzoia iligawiwa kupitia mipango ya makazi ya serikali, na wazee wengi walipewa ploti kwa mkopo. Mkopo usipomalizwa, hati miliki haitoki. Kabla ya kubishana kuhusu bei, fanyeni utafutaji kwenye ofisi ya ardhi mjue shamba liko kwa jina la nani na lina deni gani. Malipo ya serikali siku hizi yanapitia eCitizen, nambari ya malipo 222222. Mtu akikwambia utume ada ya "ofisi ya ardhi" kwa nambari yake binafsi, uliza maswali.

La pili: mnunuzi ni nani? Mpakani mnunuzi anaweza kuwa jirani wa ng'ambo ya mto, hata mtu wa ukoo wenu. Lakini Katiba ya Kenya hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza tu kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Tena, kuuza au kugawanya shamba la kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Bila idhini hiyo mauzo ni bure, hata kama pesa zimeshalipwa na chai imenywewa.

Sasa hesabu

Rudi kwa wale ndugu wanne. Wana njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Kuuza. Sh2,400,000 kwa wanne ni Sh600,000 kila mmoja, kabla ya gharama za wakili na mahakama. Ni pesa ya kweli. Lakini dada wa Suam anapoteza paa juu ya kichwa chake, na kaburi la mzee linabaki kwenye shamba la mtu mwingine.

Kupangisha. Vyumba vitatu kwa Sh3,000 kila kimoja ni Sh9,000 kwa mwezi, yaani Sh108,000 kwa mwaka kama hakuna chumba kitakachokaa wazi. Toa Sh28,000 za ukarabati na ada, inabaki Sh80,000. Kila ndugu anapata Sh20,000 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kufikisha zile Sh600,000 ni miaka 30. Lakini ploti bado ni yenu, na dada bado ana kwake.

Dada awanunue wenzake. Atawadai ndugu watatu wamsubiri alipe Sh1,800,000. Akilipa kwa miaka mitano ni Sh30,000 kila mwezi. Kodi ya vyumba haifiki hata theluthi ya hiyo. Kama hana kipato kingine, msimsukume kwenye ahadi atakayoivunja mwezi wa nne. Ongezeni miaka, au mpunguzieni sehemu.

Hatuwezi kuwachagulia. Kuna familia ambayo ada ya shule ya mtoto mmoja inafanya kuuza kuwe sawa. Kuna nyingine ambayo hiyo nyumba ndiyo mahali pekee wote hukutana Desemba. Tunachoomba ni mchague mkiwa mnatazama takwimu zilezile.

Pesa ambayo haikusomwa

Hapa ndipo familia nyingi huvunjika. Katika mfano wetu, miaka miwili kabla mzee hajafa, dada alibadilisha mabati yaliyooza. Alitumia Sh85,000 za mfukoni mwake. Alilipa fundi kwa simu, akalipa duka la vifaa kwa simu. Hakumwambia mtu, kwa sababu mzee alikuwa mgonjwa na mvua ilikuwa inaingia.

Leo akitaja hiyo pesa, kaka anasema, "Kwani ulikuwa unakaa bure?" Naye anakasirika, anafunga mlango. Kwenye mazishi jina la aliyetuma mia mbili lilisomwa. Lake halijawahi kusomwa.

Dawa ipo kwenye simu yake. Aombe taarifa ya miamala ya kipindi hicho na aonyeshe malipo, tarehe kwa tarehe. Na kaka aliyekuwa akituma pesa za dawa kutoka Nairobi aombe yake pia. Mkikubaliana kumrudishia dada Sh85,000 kwanza, zinabaki Sh2,315,000, na kila mmoja anapata Sh578,750. Tofauti ni Sh21,250 kwa kila mtu. Je, hiyo ndiyo pesa ya kumpoteza dada?

Tumieni simu vizuri

Laini ya mzee. Hata kama unajua PIN yake, usitoe pesa. Salio lake ni sehemu ya mirathi kama ng'ombe na mabati. Piga huduma kwa wateja au njoo dukani na kitambulisho chako na cheti cha kifo, uambiwe karatasi gani nyingine zinahitajika.

Kodi ya nyumba. Isiingie kwenye laini ya mtu anayoitumia kununua unga. Chagueni laini moja au akaunti moja ya nyumba tu. Anayeipokea anatuma taarifa yake kwenye kikundi kila mwisho wa mwezi, hata kama hakuna kilichoingia.

Pesa ya mnunuzi. Msipokee ya "kushika" kabla hati ya mirathi haijathibitishwa. Wakati ukifika, malipo makubwa yapitie benki na wakili. Malipo ya kuanzia yakija kwa simu, usiamini SMS peke yake. Angalia salio lako mwenyewe, na hakikisha jina la aliyetuma ni la mnunuzi mliyeandikiana naye mkataba.

Mgawo. Kila ndugu atumiwe kwa nambari yake mwenyewe. "Nitampa mkononi nikimwona" ndiyo sentensi iliyoanzisha kesi nyingi.

Iteni kikao

Kile kikundi cha WhatsApp cha mazishi bado kiko kwenye simu yako. Usikifute. Badilisha jina, wabaki warithi peke yao, kisha uandike mambo manne: nyumba iko kwa jina la nani, ina deni gani, inaingiza ngapi, na nani ametumia ngapi kuitunza. Anza na mabati ya dada.

Mnunuzi akipiga tena jioni, mjibuni kwa heshima kwamba familia bado inakaa. Ploti haiendi popote.