Fahamu: Kwa nini mkongwe wa NFL hugombea namba upya

Katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mpokeaji wa pembeni ndiye anayechomoka mbio kwenda kudaka pasi ndefu. Kila Agosti, majina makubwa ya nafasi hii hujikuta yakigombea namba na vijana waliotoka chuo juzi tu.

Hesabu ya 53

Timu huingia kambini na wachezaji hadi 90. Msimu unapoanza, kikosi kinaruhusiwa 53 tu, na wapokeaji kwa kawaida huwa watano au sita. Wa tano haishi kwa kudaka pekee: mpira ukipigwa teke kwenda kwa wapinzani, naye anatakiwa akimbie akamwangushe aliyeupokea. Kijana wa miaka 22 huifanya kazi hiyo kwa mshahara mdogo, na hapo ndipo mkongwe huumia.

Uzoefu una bei

Kima cha chini cha mshahara hupanda kadiri miaka ya mchezaji kwenye ligi inavyoongezeka. Afueni ipo moja: mwenye misimu minne au zaidi akiachwa Agosti, huwa huru papo hapo kusaini kwingine.

Hata magwiji

Jerry Rice, mwenye rekodi ya yadi nyingi zaidi za kupokea, alistaafu Septemba 2005 akiwa na Denver Broncos, miaka 42, alipoona yuko nyuma kwenye foleni. Terrell Owens, naye mpokeaji, alisajiliwa na Seattle Seahawks Agosti 2012. Mwezi haukuisha akaachwa. Mwaka 2018 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji.