Kitabu gani cha Kifaransa?

“Mwalimu, ninunue kitabu gani cha Kifaransa ili mtoto wangu wa mwaka wa kwanza ajue kusoma?” Ukitoka Nundu mpaka soko la Baraka, swali ni hilo hilo, na nimechoka kulijibu kwa upole. Hakuna. Usinunue.

Mnaamini kwamba Kiswahili kinamchelewesha mtoto, kwamba kila neno la Kiswahili linaloingia kichwani linafukuza moja la Kifaransa. Basi nyumbani Kiswahili kinapigwa marufuku, na mgeni akifika mtoto anaitwa mbele aseme un, deux, trois mpaka mia, watu wapige makofi. Mwambieni huyo bingwa alete ndagala saba. Atakuja na konzi.

Kusoma hujifunzwa mara moja tu maishani. Mtoto akishagundua kwamba m na a zikikutana zinalia ma, hatagundua tena kwa lugha nyingine. Ataongeza kanuni tu. Basi agundulie wapi? Pale ambapo neno likitoka mdomoni analitambua. Anayesoma sa-ma-ki, akifika mwisho anacheka, kwani samaki kamla jana. Sasa mpe neno la Kifaransa la maji: eau. Herufi tatu, na sauti inayotoka ni o, ambayo haimo hata katika hizo tatu! Jana ulimwambia a ni a. Leo akuamini kwa lipi?

Si maneno yangu peke yangu. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walitoa utafiti wa lugha 13 za Ulaya. Mwisho wa mwaka wa kwanza, watoto wa Ufini, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, kama yetu, walisoma sawasawa maneno 98 katika 100. Wa Ufaransa 79. Wa Uskoti, kwa Kiingereza chao, 34. Na hao wa 79 wamezaliwa ndani ya Kifaransa. Wa kwako kazaliwa Nundu.

Hesabu ni hivyo hivyo. Kumi na mbili inajieleza yenyewe: kumi, na juu yake mbili. Douze imelificha kumi. Quatre-vingts, yaani themanini, inamtaka mtoto azidishe nne kwa ishirini kabla hajajua kuzidisha, ingawa sisi Wakongo tuna bahati ya septante kwa sabini na nonante kwa tisini.

Mtaniambia mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa. Najua, nimeusahihisha. Ndiyo maana nataka mtoto afike huko akiwa tayari msomaji. Kwa sasa Kifaransa kiingie kwa masikio: nyimbo, salamu, majina ya vitu. Hata sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Na kama kwenu mnaongea Kibembe, hadithi za jioni ziwe za Kibembe. Hazimharibii mtoto kitu.

Ya kufanya, upesi upesi. Dakika kumi kila siku, kabla giza halijaingia. Andikeni silabi mchangani, ufuo tunao bure. Vifuniko vya soda: apange kumi kumi, vinavyobaki avitaje. Agawe ndagala mafungu sawa. Akitumwa chumvi na noti ya 500, aseme kwanza arudishe ngapi. Mama asiyejua kusoma asijitoe: amwambie mtoto amsomee, akisikia neno lisiloeleweka amrudishe. Kitabu cha nyimbo za kanisani ni hazina, maana maneno mtoto anayajua tayari: atafute wimbo namba 47, afuatishe kwa kidole watu wakiimba. Akikosea, amalize neno ndipo arudie. Fimbo ikae nje.

Na zile pesa za kitabu, nunueni daftari na biki mbili, maana moja itapotea kabla ya Jumapili.