KIDONDA CHA SIRI KISICHOPONA: HUENDA CHANZO NI UTUMBO



Iko habari ambayo hatuitaji mkutanoni, wala shambani tunapochuma chai, wala nyumbani kitandani. Ni habari ya vidonda na uvimbe wa sehemu za siri. Mwenye kuupata huona aibu akanyamaza. Mwingine humshitaki mwenzi wake kwa uzinzi, nyumba ikavunjika. Mwingine husema amerogwa. Leo tueleze chanzo kimoja kisichojulikana na wengi: ugonjwa wa utumbo.

Ugonjwa wenyewe

Unaitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikashambulia utumbo. Mgonjwa huharisha majuma mengi, pengine damu. Tumbo humsokota, hukonda na kuishiwa nguvu.

Ugonjwa huu waweza kushika popote tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa. Hapo chini huleta michubuko, majipu, na vijitundu vya usaha, kwa kuwa usaha hujichimbia njia kutoka utumboni hadi nje. Kwa mwanamke, tundu laweza kufunguka kati ya utumbo na uke, hewa au kinyesi kikapita ukeni.

Tena, mwaka 1965 madaktari wa Uingereza walieleza vidonda vya ugonjwa huu kwenye ngozi iliyo mbali na utumbo. Uke, uume au mfuko wa korodani huvimba, au ngozi ya mikunjo ya mapaja hupasuka kama iliyokatwa kwa kisu. Mara nyingine ngozi huugua kwanza, kabla ya tumbo.

Ugonjwa wa Crohn hauambukizi. Hautoki kwa uzinzi wala kwa uchafu. Mke asimlaumu mume, wala mume asimlaumu mke.

Usijipime mwenyewe

Magonjwa mengine hufanana na huu, na kwetu ndiyo ya kawaida zaidi: kaswende, amiba, virusi vya UKIMWI, na kifua kikuu cha utumbo. Lazima yapimwe kwanza. Hapa pana hatari kubwa. Dawa ya prednisolone hutuliza ugonjwa wa Crohn, lakini hupunguza kinga ya mwili. Mwenye kifua kikuu akiinywa bila kutibiwa kifua kikuu chenyewe, ugonjwa waweza kusambaa. Basi usinunue vidonge kwa kukisia, iwe hapa Gisenyi au ng'ambo ya mpaka, Goma.

La kufanya

1. Kidonda, jipu au uvimbe wa siri usiopona kwa majuma mawili, nenda kituo cha afya na kadi yako ya mituweli. Ukiwa na homa na maumivu makali, nenda siku hiyo hiyo.

2. Mweleze mganga mambo yote mawili, ngozi na tumbo. Ukitaja kidonda tu, atatafuta ugonjwa wa zinaa peke yake.

3. Dawa za zinaa zisipokusaidia, rudi. Omba kupelekwa Hospitali ya Gisenyi, na ikihitajika Kigali, ambako utumbo hutazamwa kwa kamera na kipande kidogo cha nyama hupimwa.

4. Acha sigara; huzidisha ugonjwa wa Crohn. Osha kwa maji matupu, kausha taratibu. Usipake majivu wala dawa kali.

Ugonjwa huu hauondoki kabisa, lakini dawa huutuliza, na jipu hupasuliwa na daktari. Wengi huendelea na kazi.

Haki yako kazini

Mwenye ugonjwa huu hukimbilia chooni mara nyingi. Huo si uvivu. Sheria ya kazi Na. 66 ya mwaka 2018 inatambua likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari. Msimamizi hana haja ya kujua kidonda kiko wapi, cheti chatosha. Akikutisha au kukukata mshahara, mwone mjumbe wa wafanyakazi mapema. Nasi wajumbe tudai choo kilicho karibu na maji ya kunawia, kiwandani na mashambani, na siri ya mwenzetu tuitunze.

Wazee walisema: mficha uchi hazai. Mficha kidonda naye haponi.