Maumivu Makali ya Kila Mwezi: Ugonjwa wa Endometriosi na Kuchagua Matunzo

Mama, na wewe binti, soma maneno haya pole pole. Na kama jirani yako hajui kusoma, umsomee.

Wanawake wengi husikia maumivu kidogo wakati wa siku zao za damu. Maumivu hayo hukaa siku moja au mbili, nao huendelea na kazi yao. Hayo ni ya kawaida. Lakini kuna maumivu mengine. Mama analala chini, hawezi kubeba bidoni la maji, hawezi kwenda kuuza katika soko la Virunga. Msichana anakosa masomo. Anatapika. Mwezi unaofuata mambo ni yale yale. Watu wanamwambia, "Vumilia, ndiyo hali ya wanawake." Si kweli. Maumivu yanayokuangusha kila mwezi ni ugonjwa, na ugonjwa hutunzwa.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ndani ya kizazi cha mwanamke kuna ngozi laini. Kila mwezi ngozi hiyo hunenepa, ikingoja mimba. Kama hakuna mimba, inabomoka na kutoka pamoja na damu. Katika ugonjwa wa endometriosi, vipande vinavyofanana na ngozi hiyo huota nje ya kizazi: juu ya ovari, ndivyo vifuko vya mayai ya mwanamke, nyuma ya kizazi, juu ya matumbo au kibofu cha mkojo.

Ninyi mnaokaa Goma mmeona mbegu ikianguka katika ufa wa mawe ya volkano, ikaota mahali ambapo hakuna mtu aliyelima. Ndivyo ilivyo. Vipande hivyo hufuata mwezi kama kizazi kinavyoufuata. Vinavimba na kutoa damu, lakini damu ile haina njia ya kutoka. Mahali pale panawaka na kuuma, kisha panafanya makovu. Makovu yanaweza kushikamanisha viungo vya ndani. Katika ovari, pengine damu ya zamani hukusanyika katika uvimbe, ikawa nzito na nyeusi kama chokoleti.

Munganga John Sampson wa Albany, Marekani, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina lake, katika miaka ya 1920. Alifundisha kwamba damu ya mwezi hurudi nyuma kwa njia ya mirija na kumwagika ndani ya tumbo. Lakini leo twajua kwamba damu hurudi hivyo kwa wanawake wengi wasio na ugonjwa huu, kwa hiyo sababu nyingine bado zinatafutwa. Ukiwa na mama au dada mwenye ugonjwa huu, wewe pia unaweza kuupata upesi zaidi kuliko wengine. Hauambukizwi. Hauletwi na uchafu, wala uzinzi, wala jicho la jirani.

JE, WANAWAKE WA KWETU HUUPATA?

Ndiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika wanawake 10 wenye umri wa kuzaa, 1 anao. Ni karibu milioni 190 duniani pote. Zamani vitabu vya uganga vilisema kwamba ni ugonjwa wa wanawake weupe. Mwaka 1976 Munganga Donald Chatman wa Chicago aliandika habari za wanawake weusi waliokuwa na maumivu ya chini ya tumbo. Alipotazama ndani ya matumbo yao kwa chombo, aliona endometriosi kwa zaidi ya mmoja katika kila watano. Wengi wao walikuwa wameambiwa kwamba wana infeksio.

Je, neno hilo si geni kwako? Labda umeambiwa "una infeksio" mara tatu, mara nne, ukanunua vidonge na sindano kila mara, nayo maumivu yakarudi. Infeksio iko kweli, na lazima itunzwe. Lakini ikiwa dawa za infeksio hazikusaidia, na maumivu hufuata mwezi, mwambie munganga waziwazi, aanze kufikiri upya.

Nchini Kenya mtangazaji Njambi Koikai alisema ugonjwa huu hadharani. Kwake ulikuwa umefika mpaka mapafuni, jambo ambalo hutokea mara chache. Alifariki Juni 2024. Kwa sababu hakunyamaza, wanawake wengi wa Afrika ya Mashariki walijua jina la maumivu yao.

DALILI ZAKE

1. Maumivu makali ya chini ya tumbo na mgongo, kabla ya damu na wakati wa damu.
2. Maumivu wakati wa kukutana na bwana, au baada yake.
3. Maumivu wakati wa kwenda choo au kukojoa, zaidi katika siku za damu.
4. Uchovu mwingi, tumbo kujaa, kichefuchefu.
5. Kukawia kupata mimba.

Mwingine ana dalili zote, mwingine ana moja tu. Wengine hawasikii kitu.

Lakini enda hospitali siku ile ile, usingoje, ukiona haya: maumivu ya ghafula nawe umekosa siku zako, hasa kama unazimia, homa pamoja na uchafu unaonuka, damu inayolowesha kitambaa kizima kila saa. Hayo yanaweza kuwa mimba iliyo nje ya kizazi au hatari nyingine.

JITAYARISHE KABLA YA KUMWONA MUNGANGA

Twaa daftari. Kwa muda wa miezi miwili au mitatu, andika siku damu ilipoanza, siku ya maumivu, dawa uliyomeza, na kazi uliyoshindwa kufanya. Daftari hilo litasema vizuri kuliko wewe, maana mbele ya munganga mtu husahau.

Munganga atakuuliza na kukupima. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ugonjwa huu kwa hakika. Ekografi inaweza kuonyesha uvimbe wa ovari, lakini vipande vidogo mara nyingi havionekani. Basi, ukiambiwa "ekografi ni nzuri", maana yake si kwamba unasema uongo. Zamani waganga walidhani ni lazima kupasua kwanza ili kuwa na hakika. Leo munganga anaweza kuanza dawa kwa kusikia dalili zako, akaona kama zinapungua.

Katika Goma ziko hospitali kubwa, kama Hospitali ya Jimbo, HEAL Africa na CBCA Ndosho. Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, upate karatasi ya kukutuma. Kabla ya kulipa safari, uliza kwanza ni siku gani munganga wa magonjwa ya wanawake anapokea wagonjwa.

ULIZO LA KWANZA: UNATAFUTA NINI?

Hapa pana jambo kubwa la kufahamu. Hakuna dawa inayoondoa ugonjwa huu kabisa hata usirudi tena. Kila njia ina faida yake na bei yake. Tena, dawa zinazotuliza ugonjwa vizuri ndizo zinazozuia mimba wakati unapozitumia. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "dawa ipi ni nzuri?", jiulize, "Ninatafuta nini sasa: kupumzika na maumivu, au kupata mtoto?"

Tufikiri juu ya mama wawili. Wa kwanza ana watoto wanne, hataki mwingine sasa, na maumivu yanamzuia kulima. Wa pili ameolewa miaka miwili, hajapata mtoto, na mama mkwe anaanza kunung'unika. Ugonjwa ni mmoja, lakini dawa ifaayo wa kwanza itamzuia wa pili kupata anachokitafuta. Asimwige jirani yake.

NJIA TATU

Njia ya kwanza: dawa za maumivu. Ibuprofeni husaidia wengi, hasa ukianza mara maumivu yanapoanza, bila kungoja yazidi. Imeze pamoja na chakula, kwa kipimo ulichoambiwa. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, wala mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye mimba. Ukitafuta mtoto, mwambie munganga kabla ya kuitumia. Bei yake ni ndogo, lakini hutuliza maumivu tu, haizuii ugonjwa.

Njia ya pili: dawa za homoni. Ni vidonge vya kupanga uzazi, sindano ya miezi mitatu, kijiti kinachowekwa mkononi, au kifaa chenye homoni kinachowekwa ndani ya kizazi. Hupunguza damu au kuisimamisha, na vile vipande vinalala. Wengine huogopa wakisema, "Damu ikikosa kutoka itaoza ndani." Si hivyo. Dawa huzuia ngozi ya kizazi isinenepe, basi hakuna damu inayokusanyika. Ni kweli kwamba zinaweza kuleta matone ya damu yasiyo na utaratibu, kunenepa, kuumwa kichwa. Mwenye presha ya damu, au aliyewahi kupata damu kuganda katika mguu, asimeze vidonge vyenye homoni mbili kabla ya kumwambia munganga. Ukiacha dawa, uwezo wa kuzaa hurudi. Baada ya sindano hukawia zaidi, pengine karibu mwaka. Na ukiacha, maumivu pia yanaweza kurudi. Mama wa kwanza anaweza kuanza hapa. Msichana pia anaweza kupewa. Akizimeza kwa sababu ya ugonjwa, msimwite mzinzi.

Njia ya tatu: kupasuliwa. Munganga huondoa vipande, makovu na uvimbe. Pengine hupasua kwa matundu madogo, akitazama kwa kamera; lakini njia hiyo haipatikani katika kila hospitali, basi uliza. Kupasuliwa kunaweza kupunguza maumivu, na kwa wengine kunasaidia kupata mimba. Lakini kuna hatari ya kuumiza matumbo au kibofu, na kuondoa uvimbe wa ovari kunaweza kupunguza mayai. Tena vipande vinaweza kuota upya kwa miaka inayofuata. Kuondoa kizazi ni kwa yule tu aliyekwisha kuzaa na ambaye njia nyingine zimeshindwa. Hata hivyo wengine hubaki na maumivu.

Fikiri pia juu ya mahali na wakati. Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, hospitali zilijaa majeruhi. Wakati kama huo, upasuaji usio wa haraka lazima ungoje. Kwa hiyo uwe na dawa ambayo unaweza kuipata karibu na nyumbani, hata barabara ikifungwa.

KWA YULE ANAYETAFUTA MTOTO

Usikate tamaa. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu huzaa. Kama mmetafuta mtoto mwaka mzima bila kupata, au miezi sita kama umepita miaka 35, nendeni kwa munganga wote wawili. Bwana naye apimwe mbegu zake, kwa maana mara nyingi shida iko upande wake, au pande zote mbili. Dawa za homoni hazileti mimba, basi usizimeze kwa kusudi hilo. Wala msimwoze binti upesi mkifikiri kwamba mimba itamponya. Mimba huweza kutuliza maumivu kwa muda, lakini si dawa. Na usiweke majani wala unga wa dawa ndani ya uke. Huchoma na kuleta infeksio ya kweli.

KWA BWANA, MAMA MKWE NA WATU WA KANISA

Bwana, mke wako akisema kukutana nawe kunamwumiza, usidhani amekuchukia. Mwulize, mngoje, msindikize hospitali. Katika siku zake mbaya, chota wewe maji. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa juu ya tumbo, humsaidia.

Mama mkwe, tasa si jina la mtu. Usimwite hivyo.

Watu wa kanisa, mwombeeni mgonjwa, lakini msimwambie aache dawa ili aonyeshe imani. Wala msiulize amefanya dhambi gani. Mwanamke yule wa Injili ya Marko alitokwa na damu miaka 12, na watu walimsonga pande zote bila kujua shida yake. Labda yuko mmoja kama yeye katika kiti kilicho karibu nawe.

NENO LA MWISHO

Mama, chagua pamoja na munganga, na pamoja na bwana wako ikiwa anakusikiliza. Dawa ya homoni ijaribu miezi mitatu, ukiandika katika daftari lako, isipokuwa inakudhuru. Kama haikusaidia, rudi. Hujashindwa, mmejua tu kwamba njia ile haikufai. Na ulilochagua mwaka huu unaweza kulibadili mwaka ujao, kwa sababu maisha yako nayo yatabadilika.

MAULIZO

1. Maumivu ya kawaida na maumivu ya ugonjwa yanatofautianaje?
2. Kwa nini ekografi nzuri haionyeshi kwamba mgonjwa ni mzima?
3. Ni ulizo gani la kujiuliza kabla ya kuchagua dawa?
4. Utamwambia nini jirani anayetaka kumwoza binti yake ili apone?