Utangulizi: Shoka Lenye Nyota

Neno tunaloanza nalo hakuna aliyeliona likiandikwa na watu waliolisema. Ni *toporъ, yaani shoka, na nyota iliyo mbele yake inakiri waziwazi kwamba tumeliunda upya kwa kulinganisha lugha. Mrusi husema topor, Mpoland topór, Mbulgaria topor. Wote wamelirithi kutoka Kislavi mame, lugha iliyosemwa kabla Waslavi hawajapata maandishi yao katika karne ya 9.

Hadi hapo kazi ni nyepesi. Utamu wa taaluma ya asili ya maneno huanza tukiuliza: na hao wazee wenyewe walilipata wapi? Wapo wanaolinasibisha na mzizi wa nyumbani, tep-, "kupiga". Wengine, nami nimo, hutazama nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ambako Waskithi na Wasarmati walisema lugha za Kiirani. Kwa Kiajemi shoka ni tabar, na umbo lake la kale huundwa upya kuwa *tapara-. Tofauti ya irabu isikutishe. Waslavi waligeuza a fupi kuwa o hata katika maneno ya kuazima: satanas ya Kigiriki ikawa sotona. Kanuni hiyo peke yake haithibitishi kitu, huondoa kikwazo tu. Kinachonivuta zaidi ni kwamba Waslavi walikwisha kuwa na sekyra, shoka lililopewa jina kwa mzizi wa kukata. Mwenye shoka lake hupokea jina la pili anapoletewa shoka la namna nyingine.

Neno topor halikukomea hapo. Kwa Wafini likawa tappara, kwa Waskandinavia wa kale taparøx. Hati ya mfalme Cnut ya karne ya 11 kuhusu bandari ya Sandwich, Uingereza, inapima mpaka wa haki kwa umbali ambao shoka la jina hilo laweza kurushwa kutoka chomboni maji yakijaa.

Mwongozo wetu mkuu ni kamusi ya asili ya maneno ya Kirusi ya Max Vasmer. Mabomu yaliyoangukia Berlin mwaka 1944 yaliteketeza maktaba na kumbukumbu alizozikusanya. Akaanza upya, na kamusi ikatoka kati ya 1950 na 1958. Topor limo katika juzuu ya tatu, ya mwisho. Tuifungue.