Wawili Tangi Moja: Mikunga wa Miiba na Ugomvi wa Usiku

Kama wewe na mwenzio mmeshapanga sebule ikakamilika, makochi, televisheni, zulia na mapazia ya maana, najua kinachofuata. Mmoja wenu ataanza kuota tangi la samaki. Kwangu alikuwa mume wangu. Na kwa kuwa si mtu wa kupenda kile ambacho kila mtu anacho, wale samaki wa rangi ya dhahabu hakuwataka. Alitaka mikunga wa miiba wa Ziwa Tanganyika. Tunao sasa hapa Engutoto, wawili. Lakini yeye kazi yake ni kuongoza watalii, akiondoka ni Serengeti siku saba, wakati mwingine kumi. Kwa hiyo mlishaji mkuu wa hao viumbe ni mimi, mfanyakazi wa ofisini, mwenye kucha zangu.

Tuelewane kwanza, sisemi mkunga wa wodi ya wazazi. Nasema samaki mwembamba, mrefu kama nyoka. Na hata huko kwenye samaki, huyu si ndugu wa karibu wa mkunga halisi. Mkunga halisi, kama wale wa Mto Pangani, huzaliwa baharini, hupanda mto akiwa mdogo, kisha hurudi baharini kuzaa. Wa miiba bahari haijui kabisa. Mgongoni ana safu ya miiba mifupi inayosimama akishikwa vibaya, na mbele ana pua laini iliyochongoka ambayo haitulii, inanusa tu. Tanganyika peke yake ina zaidi ya aina kumi za samaki hawa zisizopatikana kwingine duniani. Aina iitwayo Mastacembelus moorii ilipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1898, wetu ni Mastacembelus ellipsifer wa mwaka 1899, na nyingine isiyo na mapezi ya ubavuni ilitambulishwa rasmi mwaka 2011 tu. Yaani ni watu wetu hawa, wa Kigoma, ila Wazungu wanawajua kwenye matangi kuliko sisi.

Sasa sifa yao mbaya. Ukimuuliza yeyote aliyewahi kuwafuga atakwambia ni wakorofi, ukiweka wawili wa aina moja watang'atana. Ni kweli wanang'atana. Ila kwa usiku niliokaa mbele ya lile tangi nikiwa na tochi nyekundu (mwanga mwekundu hauwashtui sana), nimeona ugomvi wao unazunguka vitu viwili tu, chakula na mahali pa kulala. Na kinachoua si meno. Kinachoua ni njaa ya yule anayeshindwa, ambaye hujifukia mchangani akanyamaza, na ninyi mnadhani ametulia.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo wengi wanapowapoteza. Mkunga wa miiba ni mtu wa usiku. Mchana amejichimbia, pua tu ndiyo iko nje. Haoni sana, anategemea kunusa. Ukimwaga chakula saa kumi na mbili jioni taa zikiwaka, wale samaki wengine wa Tanganyika, wa jamii moja na perege na sato, watakimaliza kabla yeye hajajua kama kuna sherehe. Mimi nazima taa, nasubiri kama nusu saa, ndipo naanza.

Na vile vidonge vya dukani? Wengi hawavigusi. Wanataka nyama. Chakula chao namba moja ni nyungunyungu, na hapa Arusha tumebarikiwa. Chimba kidogo tu chini ya migomba msimu wa masika, utajaza kopo. Ila usichimbe kwenye bustani ya mboga iliyopigwa dawa ya wadudu, wala karibu na mashamba ya maua. Waoshe, waache siku moja kwenye udongo safi wenye unyevu watoe uchafu tumboni, halafu wakate saizi ya mdomo wa samaki, ambao ni mdogo kuliko unavyodhani. Namba mbili ni kamba wa baharini wabichi, waliomenywa na kukatwa. Viluwiluwi vya mbu vinawafaa wakiwa wadogo. Nyama ya ng'ombe sishauri, mafuta yake si ya tumbo la samaki. Wadogo wale kidogo kila usiku, wakubwa mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Kuna ujanja nausifia sana. Chukua bomba jembamba la plastiki, lifikishe hadi mlangoni kwa mkunga, halafu dondoshea chakula humo. Kinatua puani kwake, wezi hawakipati. Na kama unao wawili, mabomba yawe mawili, pembe mbili za mbali, chakula kishuke kwa wakati mmoja. Ukianza na mmoja, mwingine ananusa, anatoka, na hapo ndipo mechi inapoanza.

Kuhusu mahali pa kulala, sheria yangu ni rahisi. Mashimo yawe mengi kuliko samaki, na kila bomba la kujifichia liwe wazi pande zote mbili. Bomba lililozibwa upande mmoja ni mtego, anayefukuzwa akikimbilia humo hana pa kutokea. Mawe makubwa yakae moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka, kwa sababu hawa ni wachimbaji na jiwe linaweza kuwaangukia. Mchanga uwe laini kabisa. Usugue kati ya vidole, ukikukwaruza wewe, utamchubua na yeye. Kuna mchanga mweusi wa huku Meru unaovutia kwa macho, ila ule niliougusa mimi ulikuwa na chembe kali. Na mfuniko! Upenyo wa kidole unamtosha kutoka, asubuhi utamkuta nyuma ya kochi, mkavu.

Mgeni akiletwa, hamisha mawe yote siku hiyo hiyo ili mwenyeji naye ajione mgeni. Wakijeruhiana, usikimbilie dawa yenye shaba. Magamba yao ni madogo mno, dawa hiyo inawadhuru. Maji safi kwanza.

Halafu kuna Juni na Julai. Ziwa lao lina joto la nyuzi 25 hivi mwaka mzima, sisi huku baridi ya mlimani tunaijua. Maji yakipoa mkunga haachi kula kwa kiburi, mwili wake umezubaa tu. Hita inahitajika, na umeme ukikatika usiku mimi nalifunga tangi blanketi kama mtoto.

Sasa yetu sisi. Mume wangu akiwa porini, akipata mtandao swali la kwanza ni, "Mama, wamekula?" Mimi mwenyewe nimekula au la, hilo linakuja la pili. Nikaanza kumwambia kwamba mdogo anakonda. Mkunga anayekosa chakula utamjua nyuma ya kichwa, mgongo unakuwa kama kisu na tumbo linabonyea. Mabomba mawili yalisaidia wiki kadhaa, lakini mkubwa alijifunza kumaliza haraka na kwenda kumsubiri mwenzie mlangoni. Nikaona mkia wa mdogo umeng'atwa. Nikasema tuwatenganishe.

Baba hakutaka. Aliwanunua pamoja, wakasafiri mfuko kwa mfuko kwenye basi kutoka Dar, kwake hao ni jozi. Mimi nikamuuliza, jozi ya nani? Kwa macho hata jike na dume ni vigumu sana kuwatofautisha. Tulinuniana siku mbili kwa ajili ya samaki, jamani. Aliporudi safari iliyofuata nilimkalisha sakafuni saa nne usiku, nikampa tochi nyekundu, nikashusha chakula, nikakaa kimya. Dakika ishirini baadaye alinyanyuka mwenyewe kutafuta ndoo.

Mdogo sasa ana tangi lake la lita 200, chumba cha wageni. Siku tatu za kwanza hakula, usiku wa nne alivuta nyungunyungu wawili. Mgongo wake umeanza kujaa. Baba akiwa nyumbani zamu ya usiku ni yake yote, na kopo la nyungunyungu linakaa chini ya sinki. Kwenye friji yangu, hapana.